Wazee Waende Nyumbani, Sawa. Nyumbani Kuna Nini?

Juni 2024 niliposti video ya sekunde arobaini tu. Nimesimama pale kwenye bango la ikweta Nanyuki, bendera mgongoni, sauti imekwisha kwa kupiga kelele mchana kutwa, nasema wazee waende nyumbani, wamekaa sana, watuachie nchi. Mnaikumbuka hiyo wiki. Muswada wa Fedha, tarehe 25, vijana wakaingia Bunge, na kuna wale ambao hawakurudi kwao. Hata hapa Nanyuki tulitoka. Mimi ambaye video zangu hutazamwa na watu mia tatu, nusu yao binamu zangu, hiyo moja ilifika laki mbili kwa siku mbili. Nikajiona nimefika.

Wikendi iliyofuata nikaenda Likii kumsalimia Guka. Kumbe kijana wa jirani alikuwa ameshamwonyesha video kwa simu. Guka hakunigombeza. Alikuwa ameketi kwa kile kistuli chake akipukuchua mahindi, punje zinaanguka kwa karai, na akaniuliza bila kuinua macho:

"Umesema wazee waende nyumbani?"

"Ndio Guka, lakini si wewe. Ni wale wa juu."

"Mimi niko nyumbani tangu 2011. Nyumbani kuna nini?"

Wasee, sikuwa na jibu. Nilikunywa chai nikaondoka.

Guka aliendesha lori zaidi ya miaka thelathini. Anajua barabara ya Isiolo kabla haijawekwa lami, anajua kila kona ya kwenda Mombasa. Siku hizi anaamka saa kumi na moja asubuhi kama zamani, anafagia uwanja ambao hauna uchafu, halafu anasikiliza redio mpaka betri ziishe. Alipofika miaka 70 aliandikishwa kwa Inua Jamii, ile pesa ya wazee ya shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo serikali ilianza kuwalipa wote waliotimiza umri huo mwaka 2018. Hiyo ndiyo nchi yetu inampa mzee: elfu mbili na kiti. Kazi hakuna. Na sisi vijana tunampa nini? Tunampa video ya kumwambia aende mahali ambapo tayari yuko.

Kwa hivyo hii si posti ya kuomba msamaha. Bado naamini kuna watu wamekaa kwa viti vya umma mpaka viti vimechukua umbo lao. Ni posti ya kujibu swali la Guka, na ilinichukua miezi kadhaa kwa sababu ilibidi nisome. Sina digrii ya historia. Sina digrii ya kitu chochote, niliacha chuo mwaka wa pili, nitafika hapo. Lakini maktaba haiulizi transkripti.

Nilichogundua ni kwamba hapa kwetu, chini ya huu mlima, kulikuwa na mpango kamili wa wazee kuwaachia vijana. Ulikuwa na jina, ratiba, sherehe na bei. Uliitwa ituika.

Wengi wetu tunajua riika, wale watu waliotahiriwa msimu mmoja. Ituika ilikuwa kitu kikubwa zaidi. Wakikuyu waligawanywa katika vizazi viwili vinavyopokezana: Mwangi na Maina, ambacho pia huitwa Irungu. Kama baba yako ni Mwangi, wewe ni Maina, na mtoto wako anarudi kuwa Mwangi. Kizazi kimoja kinashika uongozi kwa miaka kama thelathini hivi, kinahukumu kesi, kinasimamia sadaka na sheria, halafu kinatoka. Kinatoka chote. Hakuna mambo ya kubaki mshauri mkuu na gari la serikali. Sherehe zenyewe za kukabidhi zilikwenda kwa miaka kadhaa, wilaya kwa wilaya, na kizazi kinachoingia kililipa mbuzi kwa kizazi kinachotoka.

Kwa nini walianzisha mambo haya? Jomo Kenyatta, kwenye kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, anasimulia hadithi ya zamani kwamba Wakikuyu waliwahi kuwa na mfalme dikteta. Watu wakachoka naye, vijana wakawa mbele, wakamwangusha. Kisha wakaketi chini wakapanga njia ya kuhakikisha hakuna mtu atakayekalia uongozi milele. Kuna kizazi kwenye orodha ya zamani kinaitwa Iregi, jina linalotoka kwa neno la kukataa. Waliokataa. Nilipolisoma hilo jina nilisimama kidogo nikatembea kwa chumba. Yaani kuna watu walikuwa mtaani kabla yetu, na walipomaliza kukataa waliandika katiba, ingawa hawakuiandika kwa karatasi.

Lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kupenda, na kijana yeyote ataipenda. Iliyonishika zaidi ni nyingine: ngazi za wazee. Soma polepole hapa, kwa sababu ndipo jibu la Guka liko.

Mwanamume akishaoa na kuanza familia alitoa mbuzi akaingia baraza la kwanza, kiama kia kamatimo. Usidhani alikuwa mkubwa. Alikuwa mwanafunzi: anatumwa, anachuna mbuzi, anawasha moto, anasikiliza wakubwa wakiamua kesi. Ngazi ya pili, kiama kia mataathi, hangeingia mpaka awe na mtoto aliyekaribia kutahiriwa. Ya tatu na ya juu kabisa, kiama kia maturanguru, ilimngoja mpaka karibu watoto wake wote wawe wametahiriwa na mke wake amepita umri wa kuzaa. Hao wa mwisho ndio walioongoza maombi na sadaka chini ya mugumo, uso umeelekea Kirinyaga.

Umeona hiyo hesabu? Ulitoa mbuzi, ndio, lakini mbuzi peke yao hawakutosha. Ungekuwa na boma limejaa ng'ombe na bado ukangoja nje. Kilichokupandisha ni kukua kwa walio nyuma yako. Heshima ya mzee ilipimwa kwa umbali ambao vijana wake walikuwa wamefika. Na alipokabidhi uongozi, hakuenda kukaa kwa kistuli na redio. Alipanda kwenda kazi nyingine, ile ya kuomba, kupatanisha, kubariki, kufundisha. Tena hiyo ndiyo ilionekana kubwa kuliko uongozi wenyewe. Nyumbani kulikuwa na kitu.

Majirani zetu nao wana yao. Kwa Wamaasai, ambao Laikipia hii ilikuwa yao mpaka Mwingereza alipowahamisha kati ya 1911 na 1913, vijana wanaoingia umorani hupewa walezi, wazee wa olpiron, wale wa moto. Walezi hao hawatoki rika lililo juu yao moja kwa moja. Wanatoka la pili kwenda juu. Ni akili hiyo: rika lililo juu yako tu bado linagombania nafasi na wewe, lakini lile la pili halina wivu na wewe. Linaweza kukupenda bila hesabu. Na mpaka leo wanafanya Olng'esherr, sherehe ya morani kuwa wazee, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake mwaka 2018 pamoja na Enkipaata na Eunoto.

Sasa, ituika ilienda wapi?

Kwa mujibu wa Kenyatta, ya mwisho kukamilika ilikuwa kati ya 1890 na 1898. Iliyofuata ilitakiwa iwe 1925 hadi 1928, Irungu wapokee kutoka kwa Mwangi. Haikumalizika. Anaandika kwamba serikali ya kikoloni iliiona ni uchochezi ikaipiga marufuku. Kulikuwa na sababu nyingine pia, kama misheni iliyowaambia waumini wake wasitoe mbuzi wa mambo ya kishenzi, na kodi iliyokula mbuzi wenyewe. Lakini fikiria hali ilivyokuwa. Tangu 1902 Mwingereza alikuwa anateua machifu, kitu ambacho Wakikuyu hawakuwa nacho. Chifu hakutoka kwa kizazi chochote na hakuwa na tarehe ya kutoka. Bosi wake alikuwa DC. Wazee wa kiama wakabaki na fimbo bila kesi za maana. Vijana nao wakapelekwa mashambani kwa walowezi, na kuanzia 1919 kipande kikaning'inizwa shingoni mwao. Nanyuki hii unayoiona ilikua wakati huohuo, pale askari Wazungu waliotoka Vita vya Kwanza walipogawiwa ardhi. Ukitaka kuvunja watu, huna haja ya kuwaua wazee. Wanyang'anye tu kitu cha kukabidhi.

Tangu hapo hatujawahi kukabidhiana rasmi. Miaka mia moja, wasee. Kila mtu anashika anachoshika mpaka afe au ang'olewe. Mwaka 1922 Harry Thuku akiwa kijana wa ishirini na kitu alikamatwa kwa kupinga kodi na kipande, na watu waliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Karne moja baadaye, kodi tena, vijana tena, risasi tena. Sisemi ituika ingezuia yote hayo. Nasema nchi isiyo na siku ya kukabidhi inabaki na njia moja tu ya kubadilisha watu, na mnaijua.

Nikiwa katikati ya kusoma haya nilitaka kutengeneza video pale kaburi la Baden-Powell lilipo Nyeri. Nikamwomba Guka anisindikize. Nilijua atakubali kwa sababu ni safari ya barabara. Tulipanda matatu asubuhi, akakaa mbele na dereva, na kutoka Naro Moru hadi Kiganjo alimfundisha yule kijana jinsi ya kutumia gia kwenye mteremko badala ya kuchoma breki. Dereva alisikiliza! Alimwita "mzee wa kazi." Nilimwona Guka kwa kioo, alikuwa amekaa wima kuliko vile hukaa kwa kistuli.

Kwa wasiojua, Baden-Powell ndiye aliyeanzisha maskauti. Mimi si shabiki wake wa kila kitu, jamaa alipigana vita vya kikoloni Afrika, dhidi ya Waashanti na kule Matabele, na jina lake alilipata Mafeking. Ila angalia miaka yake. Alizaliwa 1857. Kambi yake ya kwanza ya wavulana wapatao ishirini, kwenye kisiwa cha Brownsea, ilikuwa 1907, yaani akiwa na miaka hamsini. Jeshi aliliacha 1910. Kazi ambayo dunia nzima inamkumbuka kwayo aliianza wakati ambapo wengine wanahesabu pensheni. Mwaka 1938, akiwa na miaka 81, alihamia Nyeri na mkewe Olave, kwa kanyumba waliyoiita Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Akawa anachora wanyama na ndege na kuandikia vijana, mpaka akafa tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake lina alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa alama za njiani za skauti maana yake ni: nimeenda nyumbani.

Nilipomtafsiria Guka hiyo alama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hivyo huyu ndiye alisikia video yako."

Halafu akanyamaza, akautazama mlima, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umefunguka wote, na akaniuliza alikuwa anaishi kwa pesa ya nani. Ndilo swali. Huyu mzee Mzungu alipewa nafasi ya kuzeeka vizuri, ya kuwa babu wa watoto wa dunia, kwenye ardhi ambako miaka kumi tu nyuma wazee wenyewe walikuwa wamekatazwa kuwa babu wa watoto wao. Hakuna mtu aliyeona ajabu. Sisi wenyewe tunaenda kupiga picha. Nami nilipiga.

Lakini si kweli kwamba wazee wetu waliketi tu wakisubiri ruhusa. Kuna stori ya 1992 ambayo kizazi chetu kinastahili kuijua kama inavyojua nyimbo za TikTok.

Februari 28 mwaka huo, kikundi cha akina mama kilikwenda kwa Mwanasheria Mkuu Nairobi kudai watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa wakati wa Moi. Wengi walikuwa wazee, mama wa kijijini wa leso na viatu vya plastiki. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi. Pamoja nao alikuwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, ambaye mwenyewe hakuwa na mtoto gerezani. Wakaweka kambi Uhuru Park, wakakataa chakula, wakasema hawatoki bila watoto wao. Hiyo kona mpaka leo inaitwa Freedom Corner. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa akazimia. Hapo ndipo baadhi ya wale mama walipovua nguo.

Kuna watu hucheka wakisikia hiyo sehemu, kwa hivyo wacha niieleze vile nilivyoelezwa na Cucu, ambaye hakuwa anacheka. Mwanamke wa umri wa mama yako akikuvulia nguo kwa hasira, anakwambia: nilikuzaa, na sasa nakutoa. Ni laana ambayo haina mganga. Alichobaki nacho mama mzee baada ya serikali kuchukua kila kitu kilikuwa ni huo uzee wake, na akautumia. Polisi waliokuwa pale, vijana wa umri wa watoto wake, waligeuza nyuso.

Hawakuishia hapo. Walihamia chini ya kanisa la All Saints na wakakaa huko karibu mwaka mzima, wakilala sakafuni, mpaka mwanzoni mwa 1993 wafungwa karibu wote wakaachiliwa. Mwaka mzima! Mimi nimeshindwa kukaa mwaka mzima kwenye kozi ya biashara. Na ukiangalia vizuri, wale mama hawakuenda kuchukua uongozi. Hakuna aliyetaka kuwa mbunge pale chini ya kanisa. Walifanya kile ambacho wazee wa maturanguru walikuwa wamewekewa kufanya: kusimama kati ya vijana na kifo, kwa sababu wao walikuwa wameshapita mahali pa kuogopa.

Mwingine ni Muthoni wa Kirima, wa Nyeri hapahapa, mwanamke aliyefikia cheo cha field marshal katika Mau Mau. Alitoka msituni uhuru ulipofika, 1963, na nywele alizofuga kule hakuzikata. Rasta zake zilimfuata hadi miguuni. Alizikata Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta akishika mkasi, akiwa amepita miaka tisini, na Septemba 2023 akafariki. Miaka hiyo yote alikuwa ushahidi unaotembea. Ukimwona tu ulikuwa unakumbushwa kuna deni ambalo halijalipwa. Sijui ni wangapi kati yetu walienda kumsikiliza akiwa hai. Mimi sikuenda, na kutoka Nanyuki ni safari ya asubuhi moja. Alipokufa niliposti picha yake na mshumaa.

Naona mtu tayari anaandika kwenye maoni: lakini si mabaraza ya wazee bado yapo? Yapo. Njuri Ncheke ya Wameru iko hai na inaheshimiwa. Kwetu pia kuna mabaraza, ila kila uchaguzi ukikaribia unaona mwanasiasa anavalishwa ngozi, anapewa fimbo na kigoda, anaitwa mzee, na bahasha zinatembea. Zamani mzee alilipa mbuzi apewe wajibu. Siku hizi wazee wanalipwa wampe mtu cheo. Mbuzi ni wale wale, wanatembea upande mwingine tu.

Turudi kwa Guka, kwa sababu kuna jambo alilonifundisha kwa matatu tukirudi na halikuwa kwenye kitabu. Nilikuwa namweleza hesabu ya Mwangi na Maina, najifanya profesa, akanikata. Akasema kwao ni Mwangi. Baba yake alimwambia.

"Na baba yako ni nini?" akaniuliza.

"Maina."

"Na wewe?"

"Mwangi."

Akanitazama tu. Ilinichukua kama kilomita mbili kuelewa. Mimi na Guka ni kizazi kimoja. Ndiyo sababu mimi, mtoto wa kwanza wa kiume, nina jina lake. Ndiyo sababu Cucu tangu nikiwa mdogo ananiita mume wangu na kila mtu anacheka. Sikuwa najua ni hesabu, nilidhani ni utani. Ile video yangu ya ikweta nilikuwa nikipigia kelele timu yangu mwenyewe. Wale waliokalia viti sasa hivi, ukiangalia kwa hesabu ya zamani, wengi ni wa kizazi cha katikati, baba zetu. Wamebanwa pande zote mbili: hakuna aliyewakabidhi vizuri, na hawajui watakwenda wapi wakitoka. Wanaogopa kistuli cha Guka. Na mimi ningekiogopa.

Na hapo ndipo stori inafika kwangu, nilisema nitafika.

Nilipoacha chuo, baba alikuwa amelipa karo ya mihula minne. Ya muhula wa kwanza ilitoka kwa ng'ombe wa Guka, mtamba mmoja mwekundu, lakini iliyobaki ilikuwa jasho la baba huko Nairobi, na sikumwambia kwamba nimeacha. Alijua kupitia video. Aliniona ikweta saa ambayo alidhani niko kwenye mtihani. Tangu hapo hatujaongea. Si kwamba tumegombana, ni ule ukimya wa wanaume wa kwetu, mtu anatuma salamu kupitia kwa mama.

Guka alijua. Tuliposhuka stendi Nanyuki, giza likianza kuingia, akaniambia nimesoma vizuri kuhusu ituika lakini nimeruka kitu kimoja. Vijana wanadai uongozi, sawa, ni haki yao. Mbuzi yuko wapi?

Nikamwambia Guka, mimi sina pesa ya mbuzi, najua bei ya soko la hapa.

"Si wangu," akasema. "Mimi nilishatoka. Wa baba yako."

Nilikaa na hilo neno wiki tatu. Nikapata kazi mbili za kupiga picha za harusi, moja Timau, moja hapa mjini, nikaongeza na ile pesa kidogo inayotoka kwa video, nikaenda sokoni na Guka. Yeye ndiye aliyechagua, akifungua midomo ya mbuzi kama daktari wa meno, akikataa watano kabla ya kukubali mmoja. Muuzaji alikuwa kijana wa umri wangu na mwisho wa mambo alikuwa anamuuliza Guka atajuaje mbuzi mwenye minyoo. Wakabadilishana namba. Guka sasa ana mtu wa kumpigia simu siku za soko, na kusema kweli amepunguza kufagia.

Jana usiku nimemtumia baba ujumbe. Niliuandika na kuufuta mara nyingi, ukabaki mfupi: Baba, Jumapili niko Likii kwa Guka, kuna mbuzi, naomba uje umchinje. Tiki mbili zimekuwa za bluu tangu saa nne na dakika kumi. Hajajibu. Mbuzi amefungwa kwa mparachichi nyuma ya nyumba, amekula maua yote ya Cucu, na Guka amenipigia asubuhi kuniambia kisu kimenolewa.